Vikombe Havifungi Saumu

Mzee Talha aliponiachia birika lake la kahawa, aliniusia mambo mawili. La kwanza, nisimuuzie mtu kahawa iliyolala. La pili, nisiite wateja kwa mdomo.

"Kahawa haiitiwi kwa mdomo, Bupe," alisema. "Vikombe ndivyo vinavyoita."

Hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali. Magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda vilima vya mtaa wetu, akaamua kurudi Tanga kwa binti yake. Mie nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa natafuta kazi isiyo na maneno. Nilishajaribu kuuza vitumbua nikashindwa, maana muuza vitumbua asiyepiga kelele hurudi nyumbani na vitumbua vyake. Nilishajaribu kusaidia kwenye genge la nyanya. Mteja akiuliza bei, nainamisha kichwa, yeye anadhani nimenuna. Lakini muuza kahawa anatembea na vikombe viwili mkononi, anavigonganisha, kli-kli-kli, na watu wanatoka wenyewe.

Mwanzoni watu walishangaa kuona msichana kabeba birika na jiko lake la mkaa. Adelard, dereva wa bajaji ambaye hakosi kijiweni mbele ya duka la Bi Wahiba, aliniangalia toka juu mpaka chini.

"Jamani, Mzee Talha karudi ujanani," akasema. "Tena kavaa kanga!"

Kijiwe kizima kikacheka. Nikamjazia kikombe, akanywa, akakirudisha, kisha akaomba kingine. Baada ya wiki mbili hakuna aliyeshangaa tena.

Mtaa wetu uko kilimani, kati ya Goba na Madale. Naishi hapo kwenye chumba kimoja na Filomena, mtoto wa dada yangu. Dada anafanya kazi za ndani Zanzibar na huja Krismasi. Filomena ana miaka saba, na tofauti na mie, haogopi mtu. Akikutana na mchungaji anamuuliza kwa nini viatu vyake vinalia.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilimwandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kitumbili. Shule iko kilima cha pili, ng'ambo ya korongo. Zamani huko kulikuwa na tumbili wezi wa mahindi, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Lakini watu wenye magari walipoanza kujenga upande wetu, hawakutaka mtoto wao aulizwe anasoma wapi, ajibu Kitumbili. Mabasi ya njano yakaanza kupanda kilima kila asubuhi kuwachukua watoto wao. Hao waliondoka kwa sababu ya jina. Wengine waliondoka kwa sababu ya njia, maana ili ufike shuleni lazima uvuke daraja la mbao mbili juu ya korongo, kisha uvuke barabara ya malori ya mchanga, na malori hayo huwa hayana habari na mtu mfupi. Wazazi walioweza waliwapeleka watoto shule nyingine kwa bodaboda. Wasioweza waliwaacha nyumbani, wakisema, "Akikua kidogo atakwenda."

Matokeo yake, shule ilibaki kama nyumba ya urithi ambayo ndugu hawaelewani. Kwenye madarasa mawili ya mwisho walikuwa wanalala mbuzi. Kibao cha jina kilikuwa kimefutika, kimebaki "tumbili" tu.

Mwezi huohuo akaletwa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Demetria, mama mfupi mwenye mwendo wa haraka. Siku ya kwanza aliwafukuza mbuzi. Siku ya pili mbuzi walirudi, akawafukuza tena. Wiki ya pili akaitisha kikao cha wazazi. Tulikuja watu watano.

"Nawashukuru nyinyi watano," alisema, kana kwamba tumejaa uwanja. "Nitawaambia ukweli. Darasa la kwanza lina watoto kumi na saba. Ofisi ya elimu imesema, mpaka mwisho wa mwezi wa tatu wasipofika arobaini, darasa hili linahamishwa. Watakwenda kuunganishwa na shule ya kule ng'ambo ya lami."

Kule ng'ambo ya lami ni kilima cha tatu na cha nne.

Lazima niseme kwa nini jambo hilo lilinitisha. Mie mwenyewe niliishia darasa la tano. Kwetu Rungwe, darasa letu lilihamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Masika ilipokuja, mto ukachukua daraja, nikakaa nyumbani kungoja maji yapungue. Yalipopungua, nilikuwa nimeshapewa mtoto wa kubeba mgongoni na shamba la kupalilia. Hakuna mtu aliyesema, "Bupe, acha shule." Niliachwa tu, kama mtu anavyosahau mwavuli mahali, akikumbuka mvua imeshapita. Nilimtazama Filomena, ambaye wakati huo alikuwa anamuuliza Mwalimu Demetria kama mbuzi nao wameandikishwa, nikaapa moyoni kwamba yeye hatasahauliwa hivyo.

Kikao kilipoisha, Mwalimu alinishika mkono.

"Wewe ndiye unayepita kila nyumba na kahawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi Mungu kakuleta. Ukipita, ongea na wazazi. Waambie wawalete watoto. Wewe watakusikiliza, ni mtu wao."

Nikatikisa kichwa tena. Nilitikisa kwa sababu kutikisa kichwa ni rahisi. Wiki nzima nilipita kila nyumba, na sikumwambia mtu hata mmoja hata neno moja. Nilikuwa nayapanga maneno vizuri njiani. Nikifika mlangoni, mama akitoka na kuuliza, "Za asubuhi, Bupe?" yale maneno yanatawanyika kama kuku wakimwona mwewe. Nasema, "Salama," namimina kahawa, naondoka.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya binti wa jirani. Yeye alikuwa darasa la sita na ndiye aliyekuwa akimpeleka Filomena shule. Jumatatu moja wazazi wake wakahama. Sikuwa na jinsi. Nilimvalisha Filomena sare, nikabeba birika mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, nikamwambia ashike upindo wa kanga yangu. Tukazunguka naye mtaa mzima nikiuza, huku tukielekea korongoni. Kli-kli-kli.

Kwenye nyumba ya tano, Yuliana, ambaye hufua nguo za watu na huwa na sauti ya kuitia ng'ombe, alitoa kichwa dirishani.

"We Bupe! Huyo mtoto unampeleka Kitumbili?"

"Ndiyo."

"Utamvusha mpaka ng'ambo ya malori?"

"Ndiyo."

"Ngoja hapohapo, usisogee!" Akapotea, akarudi akimvuta mwanawe Brightson, shati halijafungwa vifungo. "Nenda naye na huyu. Akikusumbua mpige kofi, nimeruhusu. We Brightson, mfuate anti wa kahawa!"

Brightson alikuwa na miaka minane na hajawahi kukanyaga shule. Alishika upindo wa sketi ya Filomena, akapigwa kofi la mkono na Filomena mwenyewe, wakaanza safari.

Kesho yake walikuwa wanne. Keshokutwa saba. Akina mama walikuwa wanasikia vikombe, wanachungulia, wanaona mstari, wanamsukuma mtoto nje. Hakuna aliyeniuliza kitu na mie sikusema kitu. Ikafika wakati vikombe vyangu vikawa saa ya mtaa. Ilipogonga saa kumi na mbili na nusu ungesikia ndani ya nyumba, "Haya, amka, Bupe keshafika kwa mama Manal! Viatu viko wapi?"

Kitu nilichoogopa kuliko kuongea kilikuwa kupoteza mtoto wa mtu. Kwa hiyo niliwafundisha kwa vikombe. Mlio wa haraka, kli-kli-kli, maana yake tembea. Mapigo mawili mazito, ko, ko, maana yake simama kama mti. Nilikuwa napiga ko, ko kabla ya daraja, na tena kabla ya barabara ya malori, kisha nawahesabu kichwa kimoja kimoja. Adelard akiwa kijiweni alikuwa anatucheka tukipita.

"Oneni kuku na vifaranga! Sista, leo umeangua wangapi?"

Lakini siku moja aliona lori likitupita karibu. Kesho yake nilipofika barabarani nikamkuta ameegesha bajaji yake katikati ya njia, taa zinawaka, na dereva wa lori anamtukana.

"Tukana tu, braza," Adelard anamjibu huku kajiegemeza. "Ukimaliza nikuongezee mengine. Vifaranga vinapita."

Tangu siku hiyo hakukosa.

Mwisho wa mwezi wa pili ulipokaribia darasa la kwanza lilikuwa na watoto arobaini na watatu. Na mtu akimpeleka mtoto mahali, hupenda kwenda kupaona. Wazazi walianza kuja shuleni kuchungulia, na wakichungulia wanaona aibu. Baba Manal, fundi seremala, aliona watoto wamekaa chini, akaja na wenzake wakagonga madawati toka asubuhi mpaka alasiri. Adelard na vijana wa kijiweni waliongeza mbao kwenye daraja na kufunga kamba ya kushikia pande zote mbili. Bi Wahiba alitoa rangi iliyobaki alipopaka duka lake, ya kijani kibichi kama embe changa, na darasa la kwanza likawa linaonekana toka kilima chetu. Akina mama wakapanga zamu za uji. Mbuzi walikuja, wakakuta kelele, wakatafuta shule nyingine.

Mwalimu Demetria aliniona siku moja getini, akanikumbatia mpaka birika likataka kumwagika.

"Bupe, mwanangu, una mdomo wa asali! Umewaambia nini hawa watu?"

Niliinamisha kichwa. Alidhani ni unyenyekevu.

Halafu Ramadhani ikaingia.

Mie ni Mmoraviani wa Rungwe, lakini hakuna anayeishi mtaa wetu asijue adabu ya mwezi huo. Nusu ya wateja wangu wanafunga. Mzee Talha alishanieleza kwamba mwezi mtukufu kahawa haitembezwi asubuhi, inatembezwa baada ya futari. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mfungo nilifanya kama nilivyofundishwa. Birika niliweka juu ya kabati, vikombe nikavifunika na kitambaa safi, nikamshika Filomena mkono, tukaenda shule kimyakimya. Nilijiona nina adabu sana. Njiani niliona milango imefungwa, nikafikiri, leo watu wamechelewa kidogo.

Siku hiyohiyo, bila taarifa, akaja Bwana Wilbert kutoka ofisi ya elimu.

Mwalimu Demetria alinisimulia mwenyewe. Alikuja kwangu mchana, kasimama mlangoni, jasho linamtoka, hakukaa nilipomvutia kigoda.

"Daftari linasema arobaini na watatu," alisema. "Amehesabu vichwa. Unajua amepata wangapi? Kumi na wanne. Akaniuliza, 'Mwalimu, hawa wengine wanasoma kwenye karatasi?' Mie! Miaka ishirini na sita nafundisha, naonekana naandika watoto hewa!"

Nilimsogezea kigoda karibu zaidi.

"Amesema atarudi kabla mwezi wa tatu haujaisha, na hatasema siku. Akikuta pungufu ya arobaini, darasa linaondoka. Sasa niambie, Bupe. Wazazi uliwaambia nini kule mwanzo, na leo wamebadilikaje?"

"Mwalimu," nikasema. "Sikuwaambia kitu."

"Leo?"

"Tangu mwanzo. Sijawahi kuongea na mzazi hata mmoja. Nilishindwa. Walikuwa wanafuata vikombe tu."

Mwalimu akakaa kwenye kigoda, polepole, akashika kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Yaani," alisema akipangusa macho, "nimeshukuru mdomo wa asali, kumbe nilikuwa nashukuru vyombo!"

Tulikwenda pamoja dukani kwa Bi Wahiba. Yeye ni mjane wa makamo, wa ukoo wa Kiarabu wenye duka hapo toka kilima hakina nyumba kumi, na kila habari ya mtaa lazima ipite kwenye mizani yake kwanza. Mjukuu wake Arwa anasoma shule ya basi la njano, na kila asubuhi hushika nondo za dirisha akitazama mstari wetu unavyopita.

"Shikamoo, Bi Wahiba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotelea wapi? Mtaa mzima umelala. Tumekula daku, tumeswali, tukasema tujinyooshe kidogo mpaka Bupe apite. Bupe hakupita. Nimeamka saa tatu na jua liko usoni! Yuliana yeye hafungi, naye kalala vilevile, kisa hajasikia vikombe."

"Ni Ramadhani, bibi," nikasema. "Niliona si heshima kutembeza kahawa."

"Ah, kahawa sawa. Na vikombe?"

Sikumwelewa.

"Kahawa inafunga, mwanangu, na mie nafunga, na Baba Manal anafunga japo anatafuta ugomvi na kila mtu ikifika saa tisa. Lakini nani kakwambia vikombe vinafunga? Vikombe vina tumbo?"

Mwalimu Demetria alipiga makofi. Mie nilibaki nimeduwaa, nikiona jinsi jambo lilivyokuwa dogo, na jinsi ambavyo mtu mwoga anaweza kukosa kuliona kwa sababu haulizi.

Kesho yake nilitoka na vikombe vitupu. Hakuna birika, hakuna jiko, hakuna kashata. Sikutegemea kama ingekuwa ngumu hivyo. Siku zote nilikuwa nikijificha nyuma ya birika. Mtu akitoka kuniangalia, nilijua anaiangalia kahawa. Sasa nilikuwa mtu mzima anayetembea barabarani anagonganisha vikombe bila kuuza kitu. Nilipofika nyumba ya kwanza nilivigonganisha kwa aibu, mlio ukatoka vibaya, kama meno ya mtu mwenye baridi.

"Anti, leo vikombe vinaumwa?" Filomena akauliza.

Nikacheka. Nikagonga tena, safari hii kwa nguvu. Milango ikaanza kufunguka.

Wiki tatu tulikwenda hivyo, kila siku tukidhani ndiyo siku ya Bwana Wilbert. Akipita mwanamume yeyote mwenye shati la kuchomekea, Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Idadi ilifika arobaini na saba. Lakini tulijua kwamba siku moja mbaya inatosha.

Na siku mbaya ikaja. Ilikuwa Alhamisi, imebaki siku chache Idi ifike. Mvua ilianza alfajiri, ile ya masika inayodondoka kama mtu kamwaga karai. Nilitoka na mwavuli, nikagonga vikombe mbele ya nyumba ya kwanza. Sikuvisikia hata mie mwenyewe. Mvua ikipiga mabati, vikombe ni kama mtu anayenong'ona mnadani. Nikagonga kwa nguvu, kimoja kikavunjika mdomo. Milango yote kimya.

Nilisimama pale katikati ya matope. Nikafikiria Rungwe, jinsi nilivyokaa nyumbani kungoja maji yapungue. Filomena alikuwa ananitazama toka chini ya mwavuli, begi lake kalifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuuliza kitu, na Filomena asipouliza kitu ujue ameogopa.

Nikaenda mpaka mlango wa Yuliana, nikapiga kwa ngumi.

"Hodi! Hodi humu! Ni Bupe! Shule!"

Mlango ukafunguka. Yuliana alikuwa kajifunga shuka, kakodoa macho.

"Heh! Kumbe una sauti?"

"Mtoe Brightson."

"Kwenye mvua hii?"

"Kwenye mvua hii. Daraja ni zima, Adelard yuko barabarani, na leo yule bwana anaweza kuja. Mtoe, dada."

Sijui maneno yale yalikuwa yamekaa wapi muda wote huo. Yuliana alinitazama, akageuka, na kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe akaita, "Brightson! Amka, tumevamiwa!" Kisha akavaa kandambili akatoka na mie. Mie upande wa kulia wa njia, yeye wa kushoto. Hodi, hodi, hodi. Mpaka tunafika dukani kwa Bi Wahiba sauti yangu ilikuwa imekauka, na mstari nyuma yetu ulikuwa na miavuli, mifuko ya mbolea iliyokatwa kama makoti, na karai moja lililobebwa kichwani na watoto watatu.

Basi la njano lilikuwa limekwama chini ya kilima, tairi zinazunguka, matope yanaruka. Arwa alikuwa barazani na soksi zake ndefu nyeupe.

"Bibi, naomba niende nao! Leo tu!"

"Haya nenda, usinitoboe masikio," Bi Wahiba akasema. "Bupe, nakukabidhi."

Tulipofika korongoni nilipiga ko, ko, watoto wa mbele wakasimama na wa nyuma wakasimama kwa kuwagonga. Maji yalikuwa chini ya mbao kwa urefu wa mkono mzima, yana kelele kuliko ubaya. Na pale kwenye kichwa cha daraja alikuwa amesimama mwanamume, kakunja suruali mpaka magotini, viatu kavishika mkononi, begi lenye karatasi zake kalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Gari lake lilikuwa limekwama nyuma ya basi la njano, akaamua kukata njia kwa miguu.

"Samahani, dada," akaniita. "Hapa panapitika kweli?"

Kabla sijajibu, Brightson alishatoka mstarini.

"Mjomba, usiogope. Shika kamba, usiangalie chini. Kaa nyuma kwenye mkia."

Bwana Wilbert, maana ndiye yeye, akakaa kwenye mkia. Tulivuka mmoja mmoja, na yeye wa mwisho, macho kayafumba nusu. Tulipokaribia barabara ya malori nikapiga ko, ko. Watoto wote wakawa miti. Yeye akaendelea kutembea.

"Mjomba! Hujasikia?" watoto wakapiga kelele.

Akasimama, mguu mmoja hewani. Lori likapita, likamwagia tope toka kiunoni kushuka chini. Adelard, kalowa chapachapa kando ya bajaji yake, alishindwa kujizuia.

"Pole, kifaranga kipya! Utazoea!"

Nilianza kuhesabu, kama kila siku. Bwana Wilbert naye alikuwa anahesabu kwa kidole, lakini mvua na miavuli vilimchanganya, na lile karai lilikuwa likihama huku na huku. Alianza mara tatu. Mwishowe akaja karibu nami.

"Dada, hawa wote ni darasa la kwanza?"

"Ndiyo."

"Wako wangapi?"

Siku nyingine zote za maisha yangu, hapo ningeinamisha kichwa.

"Arobaini na sita," nikasema. "Wa arobaini na saba ana homa, yuko kwao, mama yake kaniambia nimuombee ruhusa. Huyu mwenye soksi ndefu simhesabu, ni wa basi la njano, tumemchukua kwa sababu ya mvua."

"Mie ni wenu!" Arwa akalia.

"Si wetu. Ukijihesabu na wewe, mheshimiwa, mko arobaini na saba."

Alinitazama, maji yanamtiririka puani. Kisha akacheka, akashika ukingo wa lile karai pamoja na watoto, tukapanda kilima.

Darasani alihesabu upya, vichwa vikiwa vimekaa. Arobaini na sita, na Arwa pembeni kwenye kiti cha mwalimu, kanuna. Aliandika kwenye karatasi yake iliyolowa pembe, akafunga kalamu, akasema, "Darasa linabaki hapahapa, Mwalimu." Mwalimu Demetria alipiga kigelegele kirefu mpaka darasa la saba wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.

Nilipokuwa naondoka, Bwana Wilbert alinifuata barazani, kajikunyata.

"Nimeambiwa wewe ndiye muuza kahawa. Hebu nipatie kimoja, dada. Nimeganda."

"Mwezi huu mpaka baada ya magharibi," nikamjibu. "Kijiweni kwa Bi Wahiba. Na leta kitambaa ujifute, vikombe vyangu ni safi."

Alikuja kweli, jioni ileile, gari lilikuwa bado matopeni. Alikunywa vitatu akisikiliza Adelard akimsimulia kila mtu jinsi alivyosimama na mguu mmoja kama ndege korongo. Bi Wahiba alitoa tende. Akasema Arwa amegoma kupanda basi, ameapa kwa soksi zake, na baada ya Idi itabidi Mwalimu Demetria aongeze dawati.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa kukavu. Nilitoka na Filomena na vikombe vyangu, kimoja kina pengo, mlio wake umekuwa mwembamba zaidi. Kli-kli-kli. Nilipopita kwa Yuliana, Brightson alikuwa ameshasimama nje, kavaa, kafunga vifungo vyote. Yuliana akatoa kichwa dirishani.

"We Bupe! Leo mbona hupigi hodi? Mie nilishaipenda ile sauti."

Nilihisi uso unawaka. Filomena akanivuta upindo wa kanga.

"Hodi," nikasema.

"Siisikii!"

"Hodi, Yuliana! Shule!"

"Karibu!" akajibu kwa nguvu kiasi kwamba kuku waliruka, na milango mitatu mbele yetu ikafunguka kabla hata sijagonga kikombe.